Barabara Iliyopanuliwa kwa Kalamu

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitajwi bila kibali, na ofisi ya kutoa vibali hivyo imefungwa kwa ukarabati tangu siku ilipozinduliwa. Kwa hiyo tutaiita nchi, basi. Msomaji mwema asijisumbue kuitafuta katika ramani, hasa kwa kuwa ramani zenyewe, kama itakavyoonekana, ndizo zilizoleta matata.

Nchi hiyo iko juu sana, jirani na mawingu, na kwa sababu hiyo viongozi wake huamini kwamba dua zao hufika mapema kuliko za viongozi wa tambarare. Miezi minane ya mwaka ni ya jua na upepo. Miezi minne ya kipupwe huanguka theluji, nayo huanguka bila kumwogopa mtu: hufunika mawe, mashamba, makaburi na mabango ya serikali. Ikishatulia, nchi nzima huwa kama karatasi ambayo haijaandikwa kitu, na hakuna awezaye kusema barabara inaishia wapi na korongo linaanzia wapi.

Hapo ndipo penye kazi ya fito. Kabla ya theluji ya kwanza, mtu mmoja hutumwa kusimika fito ndefu, zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kandokando ya barabara, upande huu na upande ule, ufito mmoja kila hatua thelathini. Theluji ikijaa, greda la kuisukuma hupita katikati ya safu hizo mbili. Dereva wa greda haoni barabara. Huona fito tu. Zikisema pita hapa, hupita hapa. Aliyezisimika huwa ameshaondoka, lakini neno lake limebaki limesimama.

*

Katika Barabara ya Ng'ambo, inayopanda mlima hadi mahali panapoitwa Shingoni na kuteremkia vijiji vitatu vya upande wa pili, mtu huyo alikuwa Bwana Tawakali Kombo, Msimika Fito Daraja la Tatu. Daraja la Kwanza na la Pili hayakuwa na watu, ila yalikuwa na ofisi.

Kila mwaka Tawakali alikaa siku arobaini katika kibanda cha mawe kule Shingoni. Serikali ilimpa sufuria moja, blanketi moja lenye mistari myekundu na myeupe ili naye asipotee katika hesabu ya vifaa, na kikombe kimoja cha bati. Kilikuwa kimoja kwa sababu Kanuni za Fito, kifungu cha tisa, husema: "Msimika fito hana mgeni." Zamani alikuwa pia na punda wa kubebea mzigo. Punda huyo alistaafishwa kwa umri, na nafasi yake haikujazwa, ingawa waombaji walikuwa wengi.

Baada ya punda kuondoka, Tawakali alianza kuzungumza na fito. Haikuwa wazimu. Mtu akikaa siku arobaini bila kutamka neno, sauti yake humtoroka, na ikirudi huwa imezoea kwingine. Kwa hiyo kila alipousimika ufito aliugonga mara mbili kichwani kwa kiganja, akauambia, "Haya, simama vizuri, usinitie aibu," kisha akahesabu hatua thelathini kwenda kwa mwenzake.

Mtu pekee ambaye angeweza kumwita mwenzake wa kazi alikuwa dereva wa greda, Bi Mwasiti Ngoda, ambaye greda lake hulazwa Ng'ambo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja na hawajawahi kuonana. Kanuni zilikuwa wazi: siku ya theluji ya kwanza, msimika fito ateremke mjini kabla ya saa sita mchana, na dereva aondoke Ng'ambo baada ya saa sita. "Anayeweka mpaka na anayeufuata wasikutane," yasema maelezo ya chini ya ukurasa, "wasije wakapatana."

Hata hivyo walizungumza, na walizungumza kwa mafundo. Tawakali alikuwa na desturi, isiyoandikwa popote, ya kufunga kipande cha kitambaa shingoni mwa kila ufito wa mahali pa hatari. Fundo moja lilimaanisha kona kali. Mawili, udongo laini. Matatu, usiamini macho yako. Kipupwe kilipokwisha, aliporudi kuzing'oa fito, alivikuta vitambaa vyake vikiwa na vitu ndani: chembe za chumvi, majani ya chai, kifungo cha koti, siku moja kipande cha karatasi chenye mwandiko wa kulalia kushoto. "Bwana Fito," kilisema, "kona ya saba umefunga mawili, ilistahili matatu. Nusura niende kumsalimu marehemu bibi yangu. Jirekebishe. Mwasiti." Karatasi hiyo Tawakali aliitembeza mfukoni kwa miaka minne, hata maneno yakafutika na ikabaki mikunjo.

Jambo jingine alilisikia kwa mchunga kondoo mmoja wa Ng'ambo aliyepita Shingoni kumtafuta beberu wake.

"Yule mama dereva wenu," alisema mchunga kondoo, "kila akifika kwenye ufito anapiga honi. Ufito mmoja, honi moja. Tulimuuliza, dada, mbona unatusumbua? Akasema amefundwa kwao asimpite mtu bila kumwamkia. Tukamwambia huyo si mtu, ni mti uliopakwa rangi. Akasema, nyuma yake yupo mtu."

Mchunga kondoo alipoondoka, Tawakali aliinama akauweka sawa ufito ambao ulikuwa sawa tayari. Miaka kumi na moja aliamkiwa mara mia nne kila greda lilipopita, na hakuwahi kuisikia hata salamu moja.

*

Sasa tuingie mjini, kwenye Ukumbi wa Jamhuri, ambako barabara ilipanuliwa siku ya Jumatano, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Barabara ya Ng'ambo ilikuwa na upana wa hatua sita. Kule Shingoni isingeweza kuwa na zaidi, kwa kuwa upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni korongo. Lakini Waziri wa Upana, Mheshimiwa Zahoro Kilimba, alikuwa ametoka ziarani katika nchi yenye barabara za hatua kumi na mbili, na tangu arudi alikuwa hapati usingizi.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri, na ukumbi ukapiga makofi kwa tahadhari, kwa kuwa hakuwa amesema kitu bado. "Taifa lenye barabara nyembamba lina mawazo membamba. Wazazi wetu walipita njia ya hatua sita kwa sababu ya ukoloni wa jiografia. Je, sisi tutaendelea kutawaliwa na mlima? Mlima ulipigiwa kura na nani?"

Kisha akamwita Mchora Ramani wa Taifa, akamwamuru aweke chini kalamu yake yenye ncha nyembamba, na mbele ya umma akamkabidhi nyingine yenye ncha nene. Mchora ramani akaipitisha juu ya mstari wa zamani, polepole, huku bendi ya polisi ikipiga. Alipoinua mkono, Barabara ya Ng'ambo ilikuwa na upana wa hatua kumi na mbili. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwa fahari kwamba ilikuwa barabara ya kwanza duniani kupanuliwa bila mfanyakazi hata mmoja kuumia. Kalamu hiyo ilimeza pia kijito kimoja na nusu ya makaburi, lakini vyote viwili vilihamishwa baadaye kwa waraka.

*

Waraka mwingine ulipanda mlimani, na nyuma yake akapanda Mkaguzi Mkuu wa Kingo, Bwana Sadala Mfaume, akiwa na mwavuli, kiti cha kukunja, na askari wawili wa kubeba mwavuli na kiti. Alimkuta Tawakali ameshamaliza kusimika fito zote kwenye kingo za siku zote. Aliupima upana kwa kamba, akapata hatua sita. Akapima tena. Akaikunja kamba kwa huzuni ya daktari.

"Bwana Tawakali," alisema, "unajua umefanya nini hapa?"

"Nimesimika fito, mheshimiwa."

"Umeipora Jamhuri hatua sita. Tatu kulia, tatu kushoto. Hatua sita mara urefu wa barabara nzima! Kuna wilaya ndogo kuliko wizi huu."

"Mheshimiwa, hapo ndipo barabara yenyewe inapoishia. Nimeipima kwa miguu yangu miaka ishirini na miwili."

"Una umri gani?"

"Hamsini na minane."

"Basi ndiyo sababu. Hatua ya mzee hupungua."

Tawakali, aliyeona kwamba hatua fupi zingeifanya barabara ionekane pana badala ya nyembamba, alifungua kinywa ili aeleze. Aliambiwa hesabu ni ya wizara nyingine.

Walikwenda pamoja hadi Kona ya Kimya. Iliitwa hivyo kwa sababu ukitupa jiwe korongoni, unaweza kusubiri mpaka ukachoka, na hutasikia lilipofika. Tawakali alisimama ukingoni, akanyoosha mkono kuelekea hewani.

"Hatua tatu kutoka hapa, mheshimiwa, ni pale. Pale pana nini?"

Mkaguzi alifungua ramani. "Pana barabara," alisema.

"Na macho yako yanaona nini?"

"Bwana Tawakali, mimi nimeajiriwa kukagua. Kuona ni kazi ya shahidi."

"Basi nisikilize kidogo tu, nakuomba. Theluji ya hapa haianguki ikaisha. Upepo huisukuma nje ya ukingo, ikaganda, ikawa kama sakafu juu ya hewa. Ukiitazama utasema ni uwanja. Ufito ukisimama pale, yule mama ataufuata. Greda ni zito. Nyuma yake huja lori la wagonjwa na wajawazito wa Ng'ambo wanaosubiri njia ifunguliwe. Wote wataufuata."

Mkaguzi alitafakari kwa muda, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa cheo. Kisha akasema, "Hiyo inaonyesha kwamba wanaziamini fito. Ni jambo la kutia moyo."

Kwa jabali, tatizo lilikwisha kwa kupaka rangi juu ya mwamba. Kwa Kona ya Kimya, fundi aliletwa kutoka mjini akachomeka mkono wa chuma ubavuni mwa korongo, na kwenye ncha ya mkono huo, hatua tatu nje ya dunia, ukasimama ufito mwekundu na mweupe. Fito zote zilisimikwa upya na mafundi wa mjini hatua tatu nje, zikamiminiwa saruji na kupigwa lakiri ili mikono ya wahafidhina isizirudishe. Fito za akiba zilipelekwa mjini. Vitambaa navyo vilifunguliwa kimoja kimoja na Mkaguzi mwenyewe.

"Hivi ni nini?"

"Ni mafundo, mheshimiwa. Dereva anayajua."

"Hayamo katika vipimo vya ufito," alisema Mkaguzi, akavitia mfukoni.

Tawakali aliandika barua kwa Bi Mwasiti kwa njia rasmi, yaani kupitia wizarani. Ilirudi baada ya siku tisa ikiwa na muhuri: MSIMIKA FITO HAANDIKI. HUSIMIKA. Chini yake mtu wa masjala alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba utumishi wa Bwana Tawakali utakoma siku ya theluji ya kwanza, saa sita kamili, na kwamba Wizara inamshukuru kwa uaminifu wake.

Mkaguzi alibaki kibandani kuisubiri siku hiyo, asije mtu akaigusa saruji. Kanuni hazikuvunjwa, kwa kuwa alieleza kwamba yeye si mgeni bali ni mwendelezo wa ofisi. Alilala kitandani, Tawakali alilala mlangoni, na askari walilala nje hemani. Kikombe kilikuwa kimoja, na Mkaguzi alikunywa kwanza. Jioni walikaa wakitazamana katikati ya moshi, Mkaguzi akisoma ramani na Tawakali akisoma mikunjo ya karatasi yake, na katika siku hizo msimika fito alijifunza jambo ambalo siku arobaini za kila mwaka hazikuwa zimemfundisha: kwamba upweke wa watu wawili ni mzito kuliko wa mmoja. Akiwa peke yake, angalau fito zilimsikiliza.

*

Theluji ya kwanza ilianza asubuhi, punje chache, kama mtu anayepepeta unga mahali fulani juu. Kufikia saa nne mlima ulikuwa umepotea. Mkaguzi alifunga kibanda, akatanguliza askari, mwavuli na kiti, akamwamuru Tawakali afuate. Waliteremka mpaka kona ya kwanza. Hapo Tawakali alisimama.

"Mheshimiwa, nimesahau kikombe."

"Kikombe cha serikali?"

"Ndicho hicho hicho."

Mkaguzi alishtuka kikweli. Barabara ingeweza kupotea kwa ruhusa, lakini kikombe kilikuwa kimeandikishwa. "Kirudie upesi!" alisema. "Na uteremke nacho kabla ya saa sita, maana baada ya hapo hutakuwa na mamlaka ya kukishika."

Tawakali alipanda. Kikombe alikichukua, maana hakuwa mwongo. Kisha, badala ya kuteremka, alijifunika lile blanketi la mistari akaendelea mpaka Kona ya Kimya, akihesabu hatua kwa sauti kwa kuwa miguu yake hakuiona. Mgongo aliuelekeza kwenye korongo. Kwa mguu wa kulia alipapasa hadi akauhisi ukingo wa kweli, ule wa miaka ishirini na miwili, akasimama juu yake wima.

Hatua tatu nyuma yake, kwenye mkono wake wa chuma, ule ufito mwingine ulisimama hewani. Upepo ulikuwa umeshaanza kuusogezea sakafu.

Saa sita ilipita, na kazi yake ikaisha hapo hapo alipokuwa amesimama. Sasa hakuwa msimika fito wa daraja lolote. Alikuwa mzee mmoja mlimani, mwenye kikombe kisicho halali. Alijaribu kuziita fito kama zamani, lakini ufito wa karibu ulikuwa nyuma yake na hakutaka kuzungumza nao. Alifikiri kwamba endapo angeanguka, mtu wa kwanza kugundua angekuwa mtunza ghala, siku ya kuhesabu vikombe.

Ndipo akaisikia honi.

Ilikuwa mbali, nyembamba. Honi moja. Kimya. Honi moja. Kimya kama cha hatua thelathini. Tawakali alijua mara moja ni nini, kama mtu anavyolijua jina lake likitajwa chumba cha pili. Kwa miaka kumi na moja salamu hizo zilipigwa huku yeye akiwa mjini akikausha viatu. Alizisikiliza zikija, ufito baada ya ufito. Kule uwandani hatua tatu za wizara hazikumdhuru mtu, na greda lilikuja kwa imani.

Honi ikapigwa kwenye ufito wa mwisho kabla ya kona. Kisha ikabaki ngurumo peke yake, kisha mwanga wa manjano ndani ya weupe, kisha bapa lile kubwa la chuma la greda likigeuka taratibu, kwa adabu, kuelekea ule ufito wa hewani.

Tawakali alifungua kinywa apige kelele, na sauti ikamkimbia, kama alivyoogopa siku zote. Basi akafanya kitu pekee alichokijua. Alisimama vizuri. Aliinua mkono mmoja juu, akanyooka, na kwa mkono wa pili akagongesha kikombe kwenye jiwe la ukingoni lililomfika kiunoni, mara tatu, akapumzika, mara tatu tena. Mafundo matatu. Usiamini macho yako.

Greda lilisimama. Gurudumu lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kidole chake cha mguu. Kwa muda mrefu hakuna kilichosogea ila theluji. Halafu, mbele yake, kwa ajili yake, honi ikapiga mara moja.

"Marahaba," alisema Tawakali.

*

Mlango wa greda ulifunguka, akateremka mwanamke mfupi mnene aliyejifunga kanga tatu juu ya koti, na koleo mkononi.

"We!" aliita. "Ufito gani huu una ndevu?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani? Milima hii ina mimi wengi?" Alisogea, akalitazama blanketi, akakitazama kikombe. "Bwana Fito?"

"Ndiye."

"Ala! Mbona mfupi hivi? Miaka yote nilidhani wewe ni mrefu."

"Fito ndizo ndefu."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefika kwenye ule ufito wa nyuma. Alilinyoosha koleo kwa mkono wote, akaigonga ile sakafu nyeupe mbele yake. Sakafu ikakatika kipande kikubwa kama paa la nyumba, ikaondoka bila haraka. Ufito ukabaki juu ya mkono wake wa chuma, ukitikisika kidogo. Walisubiri kusikia. Hawakusikia kitu.

"Na vitambaa viko wapi?" aliuliza Mwasiti kwa sauti ya chini.

"Wamevichukua. Havimo katika vipimo."

"Ndiyo ukaja wewe mwenyewe."

"Ndiyo nikaja mimi mwenyewe."

Alirudi kwenye greda, akaleta chupa ya chai. Kikombe kilikuwa kimoja. Alikijaza, akanywa nusu, akampa mwenzake nusu iliyobaki, na hivyo kifungu cha tisa cha Kanuni za Fito kikavunjwa kwa mara ya kwanza tangu kutungwa. Nyuma yao lori la wagonjwa lilipiga honi kuuliza kuna nini.

"Waambie wangoje!" Mwasiti alifoka bila kugeuka. "Kuna mtu anakunywa chai."

Kisha Tawakali akatangulia kwa miguu, akipapasa ukingo wa kweli kwa lile koleo, na greda likamfuata hatua kwa hatua, na lori likalifuata greda, mpaka Shingoni ikabaki nyuma. Saa kumi walimkuta Mkaguzi kwenye kizuizi cha mjini, ameketi kwenye kiti chake chini ya mwavuli, akisubiri kikombe.

*

Kamati ya Dharura ya Upana ilikutana siku tatu. Tatizo halikuwa dogo. Kwa upande mmoja, Waziri alikuwa ameshalitangazia taifa kwamba greda limepita salama juu ya barabara ya hatua kumi na mbili, na kwamba wajawazito wawili walijifungua salama mjini, jambo lisilowezekana katika barabara nyembamba. Kwa upande wa pili, mtu aliyefukuzwa kazi alionekana barabarani, baada ya saa sita, akiwa na dereva. Akiadhibiwa, watu watauliza alikuwa anafanya nini pale. Asipoadhibiwa, watauliza zaidi.

Aliyeiokoa nchi ni karani wa ghala. Alisimama na daftari lake, akasoma kwamba kifaa kirefu, chenye mistari myekundu na myeupe, kinachosimama ukingoni mwa barabara na kufuatwa na greda, kinaitwa ufito. Kamati ikapumua. Kwa kauli moja Bwana Tawakali Kombo akaandikwa katika orodha ya vifaa: Ufito wa Ziada, Daraja la Tatu. Ufito haufukuzwi kazi, haushtakiwi, na haukutani na mtu.

"Aidha," alisema Waziri, "ufito haung'olewi kabla ya kipupwe kwisha, hauketi kazini, na dereva haruhusiwi kusimama kuzungumza nao. Una swali, Bwana Ufito?"

"Moja tu, mheshimiwa. Ufito huo utasimikwa wapi?"

"Kona ya Kimya."

"Kwenye ukingo wa ramani, au ukingo wa barabara?"

Waziri alimtazama Mkaguzi. Mkaguzi aliitazama ramani. Ramani, kwa mara ya kwanza, haikuwa na la kusema. Hatimaye karani wa ghala aliinama akaandika kwa herufi ndogo sana: "Ufito utajisimika wenyewe utakapoona panafaa." Nasikia hiyo ndiyo mara ya pekee katika historia ya nchi ile kitu cha serikali kupewa ruhusa ya kuona.

Basi yuko huko mpaka sasa. Fito nyingine zimesimama kwenye saruji yake, na mjini mchora ramani amepewa kalamu nene zaidi. Tawakali hana mtu wa kuzungumza naye. Fito za sasa hazikusimikwa na mkono wake, na hazimjui. Mchana ni mrefu, na theluji ikianguka hata mkono wake mwenyewe hauoni. Lakini kila asubuhi, greda linapofika Kona ya Kimya, hupunguza mwendo bila kusimama, kama Kanuni zinavyotaka. Mkono hutoka dirishani, ukatundika kitambaa kwenye mkono ulionyooshwa, na ndani ya kitambaa pana majani ya chai. Honi hupigwa mara moja.

Na ufito huitikia.